Nani anakagua mapafu ya wajenzi wa madaraja na mahandaki?

Na Mwandishi Wetu

JUNI 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi mkoani Mwanza. Safari iliyokuwa ikimpotezea msafiri saa mbili na zaidi kwa kusubiri na kupanda kivuko, sasa ni ya dakika chache ndani ya gari. Daraja hilo lenye urefu wa takriban kilomita tatu limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni, na wakazi wa Kanda ya Ziwa wana kila sababu ya kulifurahia.

Urefu, gharama na muda wa safari ndivyo vipimo ambavyo kwavyo miradi ya aina hiyo hupimwa, hapa nchini na kwingineko duniani. Kipo kipimo kingine ambacho ni nadra kusikika siku ya kukata utepe, nacho ni hali ya afya ya watu waliofunga nondo, waliomwaga zege na waliovunja mwamba. Hali hiyo haipimwi vizuri siku ya uzinduzi, kwa sababu siku hiyo wengi wao bado ni vijana na wana nguvu. Inapaswa kupimwa miaka 10 au 20 baadaye, wakati mkandarasi ameshaondoka, kambi imeshang'olewa na kibarua amerudi kijijini kwao.

Hoja ya makala haya ni kwamba mfumo wetu wa kuwalinda wajenzi umetengenezwa zaidi kwa ajili ya kukabiliana na ajali kuliko magonjwa, ilhali katika kazi ya madaraja, na hasa ya mahandaki, magonjwa yana uwezo wa kuua watu wengi kuliko maporomoko. Tofauti iliyopo ni kwamba ajali huua hadharani.

Novemba 12, 2023 sehemu ya handaki la Silkyara, katika jimbo la Uttarakhand nchini India, iliporomoka na kuwafungia ndani vibarua 41. Kwa siku 17 dunia ilifuatilia kila mita iliyochimbwa, hadi wachimbaji wa mikono walipomalizia kazi iliyoishinda mashine na vibarua wote 41 wakatolewa wakiwa hai. Machi 26, 2024 meli ya mizigo iligonga Daraja la Francis Scott Key mjini Baltimore, Marekani, na wafanyakazi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara juu ya daraja hilo usiku ule wakafa. Walikuwa wahamiaji kutoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati, na majina yao yaliandikwa katika magazeti ya nchi nyingi.

Ajali ina saa yake, mahali pake na mashahidi wake. Polisi hufika, mkaguzi hufika, mwandishi wa habari naye hufika. Ugonjwa wa kazini hauna siku ya kutokea. Huingia kidogo kidogo kwa muda wa miezi au miaka, na unapojitokeza, mgonjwa mwenyewe anaweza kuwa ameshasahau ni handaki gani alilofanyia kazi.

Vumbi lisiloonekana

Miamba mingi ina madini ya silika, yaleyale yanayofanya sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida. Mwamba unapochorongwa, unapolipuliwa kwa baruti au unapobebwa na mashine, silika hiyo hutoka kama vumbi. Mtu aliyesimama ndani ya handaki huliona vumbi likielea katika mwanga wa taa na kudhani hilo ndilo la kuogopwa. Kwa hakika chembe zinazoonekana ndizo zenye nafuu, kwa kuwa nyingi hunaswa puani na kooni, zikatoka kwa makamasi na kikohozi. Zinazodhuru ni zile ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu.

Zikishafika huko mwili hauwezi kuziyeyusha. Seli za kinga huzimeza, nazo hufa, na palipokuwa na nyama laini panabaki kovu. Makovu yakiongezeka, pafu hukakamaa na pumzi hupungua. Huo ndio ugonjwa uitwao silikosisi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, lakini vumbi likiwa jingi sana unaweza kuonekana ndani ya miaka michache au hata miezi. Hauna tiba ya kulirudisha pafu katika hali yake. Zaidi ya hayo, unaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi, kwa sababu vumbi lililokwisha kuingia halitoki.

Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka silika ya aina hiyo katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa injini za dizeli, ambao handakini hauna pa kutokea pasipo feni kubwa, ulifuata katika kundi hilo mwaka 2012.

Kwa nchi kama Tanzania liko tatizo jingine lililo zito zaidi. Mtu mwenye silika mapafuni hushambuliwa kwa urahisi zaidi na kifua kikuu, na kifua kikuu kwetu si ugonjwa wa kutafuta. Magonjwa hayo mawili hufanana kwa dalili: kikohozi kisichokoma, kukonda, maumivu ya kifua na kuishiwa pumzi. Hata picha ya eksirei huweza kumchanganya asiyezoea kuisoma. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye silikosisi huweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita, akazimaliza akiwa na kikohozi kilekile, kisha akaanzishiwa upya. Swali ambalo lingefumbua fumbo hilo ni fupi sana: uliwahi kufanya kazi gani? Katika zahanati yenye foleni inayofika nje ya mlango, swali hilo halipati nafasi.

Asidhani msomaji kwamba vumbi hili ni la handakini tu. Anayejenga daraja hukutana nalo pia. Nguzo za msingi zikishamwagwa, vichwa vyake huvunjwa kwa mashine ili nondo zitokeze na kuunganishwa na zege la juu. Kazi hiyo hutoa vumbi jingi, na mara nyingi hufanywa na vibarua wa kulipwa kwa siku. Ukataji na usagaji wa zege lililokauka nao ni vivyo hivyo.

Mwamba wa West Virginia

Kama kuna tukio ambalo kila mhandisi wa mahandaki angepaswa kulijua kwa kina, ni la Hawks Nest katika jimbo la West Virginia, Marekani. Kazi ilianza mwaka 1930. Lengo lilikuwa kutoboa mlima kwa takriban kilomita tano ili maji ya mto yapitishwe ndani na kuzalisha umeme kwa ajili ya kiwanda cha kampuni ya Union Carbide. Mkandarasi alikuwa Rinehart & Dennis. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na watu walitoka majimbo ya kusini kwa maelfu kutafuta kibarua chochote. Walioingia chini ya ardhi walikuwa takriban 3,000, na robo tatu yao walikuwa watu weusi.

Mwamba uliotobolewa ulikuwa na silika kwa zaidi ya asilimia 90 katika baadhi ya sehemu. Ulikuwa safi kiasi kwamba ulitumika kama malighafi kiwandani. Kwa mwenye mradi hiyo ilikuwa neema, na kwa aliyekuwa akiuvuta puani ilikuwa sumu. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba maji yakipitishwa katikati ya chuma cha kuchorongea, vumbi hupungua sana. Lakini kuchoronga kukavu ni kwepesi na kwa haraka, na mkandarasi alikuwa akishindana na muda. Katika vikao vya kamati ya Bunge la Marekani vilivyofanyika mwaka 1936, mashahidi walieleza kwamba ndani ya handaki vumbi lilikuwa zito kiasi cha mtu kutomwona mwenzake, na kwamba wakubwa walipokuja kukagua walivaa vifaa vya kuzuia vumbi ambavyo vibarua hawakupewa.

Watu walianza kufa kabla kazi haijakwisha. Madaktari waliandika kichomi, na baadhi ya waliokufa walizikwa katika shamba la mahindi. Kamati hiyo ya mwaka 1936 ilitaja vifo 476. Miaka 50 baadaye daktari na mtafiti Martin Cherniack alichambua upya kumbukumbu zilizokuwepo, na katika kitabu chake cha mwaka 1986 akakadiria vifo 764.

Kwa nini hesabu hizo mbili zinapishana kwa karibu watu 300? Jibu lake ndilo linalotuhusu sisi. Wengi wa vibarua wale hawakumaliza hata mwaka mmoja handakini. Walipozidiwa waliondoka, wakapanda treni kurudi Georgia au Carolina, wakafia nyumbani ambako hakuna aliyejua habari za mlima ule. Waliofia kambini walihesabiwa. Waliofia makwao walipaswa kukadiriwa na mtafiti, nusu karne baadaye.

Yeyote anayefahamu jinsi kazi za ujenzi zinavyoendeshwa hapa nchini ataiona picha hiyo hiyo. Kibarua hutoka Kigoma au Singida akaenda kwenye mradi ulioko mkoa mwingine, akakaa miezi minane, mnyapara akamwambia kazi imepungua, akaondoka. Handaki linalofuata si lazima liwe la mkandarasi yuleyule. Baada ya miradi mitatu au minne anakuwa na vumbi la waajiri wanne kifuani, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kulazimishwa kusema lake ni lipi.

Mahandaki yetu

Wapo watakaosema kwamba Tanzania si nchi ya mahandaki. Si kweli, na haikuwa kweli hata miaka 50 iliyopita. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika 1975, ina urefu wa kilomita 1,860, madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20. Sehemu iliyowatesa zaidi wajenzi ni ile ya kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, ambako mahandaki na madaraja yamefuatana. Wataalamu wa Kichina zaidi ya 60 waliokufa wakati wa ushirikiano ule wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na makaburi yao hutembelewa kwa heshima kila mwaka. Ni jambo jema. Hata hivyo kibarua aliyechoronga mwamba wa Mlimba akiwa na miaka 22, akarudi kwao na kuanza kukohoa katika miaka ya 1980, kifo chake hakiingii katika hesabu za reli.

Karibuni zaidi, reli ya kisasa ya SGR kati ya Morogoro na Makutupora imepita katika mahandaki manne yaliyotobolewa katika milima ya Kilosa, yenye jumla ya urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Abiria wa Dar es Salaam na Dodoma, waliopata huduma ya treni hiyo kuanzia Julai 25, 2024, huyapita kwa sekunde kadhaa na wengi hawainui hata macho kutoka kwenye simu. Kenya nayo, kwa reli yake ya Nairobi hadi Naivasha iliyofunguliwa Oktoba 2019, ilitoboa milima ya Ngong kwa handaki la kilomita 4.5. Miradi ya umeme wa maji nayo huhitaji njia za chini kwa chini. Kwa hiyo Afrika Mashariki sasa inalo kundi la watu ambao kazi yao ni kutoboa milima, na wengi wao bado hawajafika umri wa kuanza kuugua.

Walioshuka chini ya mto

Silikosisi ndiyo habari mbaya. Habari ya ugonjwa mwingine wa wajenzi wa madaraja inaonyesha kwamba mambo yanaweza kubadilika.

Katika karne ya 19, msingi wa daraja kubwa mtoni ulichimbwa na watu walioshushwa ndani ya sanduku kubwa lisilo na sakafu. Hewa ilisukumwa ndani kwa nguvu ili maji yasiingie. Watu walifanya kazi bila tatizo kubwa. Balaa lilikuwa wakati wa kutoka. Mtu akipanda haraka, naitrojeni iliyoyeyuka katika damu hugeuka mapovu, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Viungo huuma kwa namna isiyoelezeka, wengine hupooza, wengine hufa. Katika ujenzi wa daraja la Eads mjini St. Louis, hata daktari aliyeajiriwa kuwatunza vibarua, Alphonse Jaminet, alipatwa na ugonjwa huo mwaka 1870 baada ya kushuka mwenyewe.

Washington Roebling, mhandisi mkuu wa Daraja la Brooklyn mjini New York, aliugua mwaka 1872 na hakupona kabisa. Mkewe Emily ndiye aliyekuwa akipeleka maelekezo yake kwa wahandisi hadi daraja lilipofunguliwa Mei 24, 1883. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni uamuzi wake kuhusu mnara wa upande wa Manhattan. Kadiri sanduku lilivyozidi kushuka ndivyo vibarua walivyozidi kuugua, na Mei 1872 waligoma wakidai nyongeza ya ujira. Lilipofika kina cha futi 78, sawa na takriban mita 24, Roebling aliamuru uchimbaji usimame juu ya mchanga ulioshikamana, badala ya kuendelea hadi kwenye mwamba na kuua watu zaidi. Mnara ule umesimama hapo hadi leo.

Mwaka 1890 Ernest Moir, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akisimamia handaki la chini ya Mto Hudson, alikuta watu wakifa kwa kiwango cha takriban robo ya wafanyakazi kwa mwaka. Alitengeneza chumba cha chuma ambamo mgonjwa alirudishwa kwenye mgandamizo na kutolewa polepole. Vifo vilipungua sana. Mwaka 1908 mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake wakachapisha taratibu za kumtoa mtu kwa hatua, baada ya majaribio waliyoyafanya kwa mbuzi. Leo nguzo za madaraja mengi, likiwamo la Kigongo–Busisi, husimikwa katika mashimo yaliyochimbwa na mitambo iliyo juu ya maji, hivyo hakuna haja ya kumshusha mtu chini ya ziwa.

Funzo la kisa hicho ni la kihandisi zaidi kuliko la kitabibu. Ugonjwa ule haukushindwa kwa kuwahimiza vibarua wawe waangalifu. Ulishindwa kwa kubadili namna ya kufanya kazi. Kwa vumbi ni hivyo hivyo: maji kwenye chuma cha kuchorongea, feni zinazovuta hewa chafu kutoka uso wa mwamba, muda wa kusubiri baada ya mlipuko, na chumba cha mwendesha mtambo kilichozibwa na kuwekewa kichujio. Barakoa huja mwisho, tena iwe ile maalumu iliyopimwa ikakaa sawasawa usoni. Barakoa ya bluu ya hospitali, au kitambaa kilichofungwa usoni, haizuii chembe tunazozizungumzia. Ukiona picha ya kazi ambayo kinga yake pekee ni kitambaa, jua kwamba hakuna kinga.

Maji, saruji na kelele

Mahandaki ya Ulaya yaliwahi kutoa pia fundisho kuhusu choo. Wakati wa kutoboa handaki la reli la Gotthard nchini Uswisi, kati ya mwaka 1872 na 1882, wafanyakazi wengi waliokuwa Waitaliano walipungukiwa damu kiasi cha kushindwa kusimama. Mwaka 1880 mtafiti Edoardo Perroncito alionyesha kuwa chanzo ni minyoo ya safura. Ndani ya handaki kulikuwa na joto, unyevu na watu maelfu wasio na vyoo, na hayo ndiyo mazingira ambayo minyoo hiyo huyapenda.

Kwetu mwenzake safura ni kichocho. Mwambao wa kusini mwa Ziwa Victoria unajulikana kwa miaka mingi kuwa eneo la kichocho cha tumbo, na anayefanya kazi ya kujenga gati au daraja huko, miguu ikiwa majini, yumo katika hatari sawa na mvuvi. Tofauti yake na silikosisi ni kwamba kichocho kina dawa, tena ya bei nafuu, iitwayo prazikwanteli. Kuwapima na kuwapa dawa wafanyakazi wote wa mradi wa ziwani ni jambo lisilofikia hata sehemu ndogo ya gharama ya mtambo mmoja. Kama halifanyiki, sababu haiwezi kuwa fedha.

Saruji mbichi huunguza ngozi, na kwa baadhi ya watu huleta mzio ambao hauondoki tena. Fundi aliyepatwa nao hulazimika kuacha kazi aliyoijua maisha yake yote. Mashine za kuvunjia zege hutikisa mikono hadi vidole vinakufa ganzi. Kelele zake huzidi sana desibeli 85 kwa saa nane, kiwango ambacho nchi nyingi huanza kudai kinga ya masikio. Uziwi wa namna hiyo hauumi wala hautoi damu, na anayeupata huugundua mkewe anapolalamika kuwa haitiki akiitwa.

Sheria ipo, kumbukumbu ziko wapi?

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali haijafanya kitu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi afya kabla ya kuwapangia kazi na mara kwa mara wanapokuwa kazini, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) wana mamlaka ya kukagua na kusimamisha kazi yenye hatari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unalipa fidia ya ajali na pia ya magonjwa yatokanayo na kazi. Miaka ya zamani majeruhi alitegemea huruma ya mwajiri. Leo yupo chombo cha kumlipa.

Tatizo ni ushahidi. Aliyevunjika mguu saiti ana cheti cha hospitali cha siku ile, ana taarifa ya msimamizi na ana wenzake walioona. Anayedai silikosisi miaka 12 baada ya handaki kukamilika anapaswa kuonyesha kwamba alifanya kazi pale, kwa muda gani, katika vumbi la kiasi gani, na kwamba mapafu yake yalikuwa mazima alipoingia. Aliajiriwa na mkandarasi mdogo chini ya mkandarasi mkubwa. Malipo yalikuwa ya siku, na jina lake liliandikwa katika daftari la mnyapara. Daftari hilo liko wapi leo?

Afrika Kusini imeonyesha gharama ya kulichelewesha swali hilo. Wachimbaji wa dhahabu, wakiwamo waliotoka Lesotho na Msumbiji, walifungua kesi ya pamoja dhidi ya makampuni ya migodi kwa ajili ya silikosisi na kifua kikuu. Mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya takriban randi bilioni tano, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuwalipa watu waliofanya kazi tangu mwaka 1965. Kupata fedha ilikuwa nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuwatafuta wazee vijijini, kuwapima, na kuthibitisha kazi walizofanya miongo kadhaa iliyopita, na wako waliofariki kabla ya kufikiwa. Hiyo ni migodi mikubwa iliyokuwa na ofisi, namba za wafanyakazi na mafaili. Kambi ya ujenzi wa handaki huishi miaka mitatu au minne tu.

Uingereza, kwa wanaofanya kazi na vitu vya hatari vya aina hiyo, inataka rekodi ya afya ya mfanyakazi itunzwe kwa miaka 40. Marekani inataka kumbukumbu za vipimo vya vumbi zitunzwe kwa miaka 30. Miaka hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha, ndiyo inayolingana na mwendo wa ugonjwa wenyewe. Hapa kwetu kitu kinacholingana kabisa na mwendo wa zege ni kile kipindi cha uangalizi wa kasoro: baada ya kukabidhi daraja, sehemu ya fedha za mkandarasi huzuiwa, kwa kawaida kwa mwaka mmoja au zaidi, ili ufa ukitokea arudi kuuziba. Kwa kifua cha aliyelijenga hakuna senti inayozuiwa.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo pa kuanzia, na pa kuanzia ni kwenye zabuni. Mradi mahali fulani katika mchanganuo wake wa gharama huorodhesha nondo, saruji, mafuta na hata mabango. Iwapo udhibiti wa vumbi na vipimo vya afya havimo kama kifungu chenye bei yake, basi mkandarasi anayevitengea fedha huwa ghali kuliko asiyevitengea, na hushindwa zabuni kwa sababu ya uadilifu wake. Vikiwekwa kwa bei moja inayowahusu waombaji wote, hakuna atakayepata faida kwa kuviruka. Aidha mwenye mradi, ambaye mara nyingi ni serikali yenyewe, apewe nakala ya orodha ya kila aliyefanya kazi chini ya ardhi, tarehe alizoingia na kutoka, na picha yake ya kifua ya siku ya kuingia na ya siku ya kuondoka, pamoja na za wale wa wakandarasi wadogo. Mkandarasi akirudi kwao, orodha itabaki nchini.

Wataalamu wa kuzisoma picha hizo tunao. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza kama kituo cha kifua kikuu, imekuwa ikiwachunguza wachimbaji wadogo wa tanzanaiti wa Mirerani na kuikuta silikosisi miongoni mwao. Ujuzi huo unaweza kuvuka kutoka machimboni hadi kwenye reli na madaraja bila kuagiza mtu nje. Waliotoboa mahandaki ya Kilosa bado wanaweza kupatikana: wengi wana simu zilezile, na baadhi wako kwenye vipande vingine vya reli hiyohiyo. Picha zao zikipigwa sasa, miaka michache baada ya kazi, zitakuwa msingi wa kulinganishia zitakazopigwa mwaka 2035.